Waraka ni Amana: Barua za Karne ya 19 na Deni Lililo Juu Yetu

(Matini ya mhadhara uliotolewa mbele ya waumini, Sikonge, Mkoa wa Tabora)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote, aliyeijaalia kalamu kuwa chombo cha elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad.



Katika mikutano yetu mingi yamekuwa yakisemwa, na sisi wenyewe tumeyasema, kwamba historia ya Waislamu katika nchi hii imefichwa. Maneno hayo yana sehemu yake ya ukweli, wala hatukusimama hapa kuyakanusha. Lakini leo tunataka kujiuliza swali zito zaidi: je, ile sehemu ya historia yetu ambayo haikufichwa, iliyohifadhiwa katika makasha, ikapewa namba na kuorodheshwa, tumeifanyia nini? Maana ziko barua na hati za karne ya 19 ambazo waliandika watu waliopita katika njia hizi tunazopita sisi. Zimeandikwa kwa herufi ambazo watoto wetu hujifunza madrasa kila jioni. Wasomaji wake wakubwa, hata hivyo, si sisi.

NJIA YA PEMBE ILIKUWA NJIA YA KALAMU

Kila aliyesoma darasani anajua kwamba Tabora, ambayo watu wa zamani waliijua kwa majina ya Unyanyembe na Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka hapo njia moja ilikwenda mashariki mpaka Bagamoyo, nyingine magharibi mpaka Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine ilishuka kusini, pande hizi zetu, kuelekea Ukonongo, Ufipa na Ziwa Tanganyika. Tunafundishwa kwamba njia hizo zilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga, bunduki na watumwa. Ni mara chache tunaambiwa kwamba zilipitisha karatasi pia.

Mfanyabiashara aliyekaa Tabora alikuwa na mdai wake Unguja, mke wake pengine yuko Unguja, na mshirika wake yuko Ujiji au Manyema. Hapakuwa na simu ya upepo wala posta. Kilichowaunganisha watu hao ni waraka uliokunjwa, ukatiwa katika mfuko, ukabebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliotembea kwa miguu yao kwa ujira. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakafika Kaze mwezi Novemba. Henry Stanley, aliyekwenda kwa haraka, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kufika Unyanyembe mwezi Juni. Basi barua ya mfanyabiashara ilihesabiwa kwa miezi, na jibu lake kwa miezi mingine.

Uko mfano mmoja unaozihusu pande zetu hizi. Stanley alipofika Tabora aliukuta mfuko wa barua za David Livingstone uliotoka Unguja, ambao juu yake iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Mfuko huo ulikuwa umekwama hapo. Kisha vita vya Mtemi Mirambo viliifunga njia ya moja kwa moja ya kwenda Ujiji, na mwezi Septemba 1871 Stanley akalazimika kuzunguka kusini, akipita Ugunda na Ukonongo. Barua zikamfikia mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871, mwaka mzima baada ya tarehe ile. Misitu hii ambayo leo wenzetu huning'iniza mizinga ya nyuki iliwahi kupitisha barua ambazo wanahistoria wa dunia nzima wanazitaja.

Na wala tusidhani kwamba kalamu ilikuwa ya wageni tu. Burton alipofika Kaze alipokelewa na Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Harthi. Katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1860, Burton anamsifu mwenyeji wake kwa wingi wa kusoma na kwa nguvu ya kumbukumbu, na anakiri kwamba alimsaidia katika kuzijua lugha na habari za bara. Hata Mtemi Mirambo, ambaye hakuwa Mwislamu, aliona kwamba utawala hauendi bila waraka, akapeleka barua kwa John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza huko Unguja. Lakini zingatieni, ndugu zetu: sifa za Sheikh Snay tumezipata kwa kalamu ya mgeni wake. Mwenyeji alisoma, mgeni akaandika na kuchapisha, na leo anayesimulia ni mgeni.

BARUA HIZO ZIKO WAPI?

Tunataja baadhi ya mahali, ili asiwepo wa kusema kwamba hakuambiwa.

Mahali pa kwanza ni Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoko Kilimani, Unguja. Humo mna barua za masultani na mabalozi, mna hati za wakfu, na mna mikataba ya Kiarabu ya deni na rehani ya karne ya 19. Katika mikataba hiyo mtu hukiri kwamba anadaiwa kiasi fulani cha fedha au frasila kadhaa za pembe, akataja muda wa kulipa na shamba au nyumba aliyoiweka rehani, kisha akashika njia ya bara. Mwanahistoria wa Marekani, Thomas McDow, alizifuatilia hati hizo, na mwaka 2018 akatoa kitabu kizima kuhusu deni na safari za watu kati ya Omani, Unguja na bara letu hili.

Mahali pa pili ni Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo umo mkusanyiko wa hati za Kiswahili na Kiarabu, na orodha yake iliyotayarishwa na Mwingereza J.W.T. Allen ilichapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1970. Tenzi, barua na maandishi ya dini yamo humo, na mlango wa maktaba hiyo haukufungwa kwa Mwislamu.

Mahali pa tatu ni ng'ambo. Katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, zimo hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, pamoja na barua za wamisionari wa London waliokaa Urambo kwa Mirambo. Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Tervuren na katika nyaraka nyingine za nchi hiyo, zimo barua za Kiarabu na Kiswahili zilizotoka Kongo mwishoni mwa karne ya 19. Baadhi yake zilitekwa na askari katika vita vya 1892 hadi 1894, vita vilivyouvunja utawala wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waungwana katika Manyema. Aliyezisoma barua hizo na kuzitolea kitabu mwaka 2020 ni Xavier Luffin, mwalimu wa Kiarabu katika chuo kikuu cha Brussels. Na Ujerumani, mwaka 1892, Carl Büttner alichapisha barua za Kiswahili kwa herufi zake za Kiarabu, ili Wajerumani waliokuwa wakija kututawala wajifunze kuzisoma.

Tutafakari hilo kwa utulivu. Mtawala alijifunza kusoma barua zetu ili atutawale. Sisi tunazijua herufi zake tangu utotoni, na hatujazisoma.

Tuongeze jambo moja la jirani zetu, maana Uislamu unatufundisha uadilifu. Kanisa la Moravian lilianza kazi hapa Sikonge mwanzoni mwa karne ya 20. Barua na taarifa za wamisionari wao ziko Herrnhut, Ujerumani, katika nyaraka za kanisa lao. Mtafiti akitaka kujua Sikonge ilikuwaje miaka mia iliyopita, atakwenda huko, kwa sababu huko watu walitunza. Hilo si hila waliyotufanyia. Walihifadhi cha kwao, na sisi hakuna aliyetuzuia kuhifadhi cha kwetu.

ZINASEMA NINI?

Anayezisoma barua za zama hizo ataona mpangilio unaojirudia. Huanza kwa Kiarabu, kwa kumtaja anayeandikiwa na kumwombea salama. Kisha huja neno “wa baadu”, na hapo mara nyingi lugha hugeuka ikawa Kiswahili: habari ya hali, habari ya mali, habari ya njia. Mwisho hurudi Kiarabu, kwa salamu za jamaa wote na tarehe ya Hijra. Barua inaanza na dua na kumalizika kwa dua, na katikati yake mna biashara. Watu hao hawakuona aibu kuweka jina la Allah na hesabu ya pembe katika karatasi moja, kwa kuwa walifahamu kwamba hesabu hiyo wataulizwa.

Na hapa ndipo penye somo kubwa la fiqhi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara aya ya 282, ni aya ya deni. Allah (s.w.) anawaamrisha waumini wanapokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni hilo. Mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika, mdaiwa ndiye atoe imla ya anachodaiwa, mashahidi wawekwe, na watu wasichoke kuandika liwe deni dogo au kubwa. Mikataba iliyoko Zanzibar inaonyesha watu waliojua kwamba deni lisiloandikwa ni mlango wa dhulma. Hatusemi kwamba kila walichokiandika kilikubaliana na sheria ya Allah, maana katika mikopo ya misafara yalikuwemo mambo ambayo mwanachuoni atayakemea. Tunasema kwamba waliandika.

Na sisi je? Hapa Sikonge tunalima tumbaku na kuvuna asali. Ni mikopo mingapi ya mbolea, ni mabadilishano mangapi ya mashamba, ni posho ngapi za vibarua zimebaki katika maneno ya mdomo tu? Ni viwanja vingapi vya misikiti alivyovitoa mzee mwema akiwa hai, naye alipofariki warithi wakasema hawana habari, na msikiti ukaingia mahakamani bila kipande cha karatasi? Mtume (s.a.w.) alitufundisha, kama alivyopokea Ibn Umar (r.a.) katika Bukhari na Muslim, kwamba haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Muslim tumefundishwa kwamba shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Mtu wa msafara wa mwaka 1870 alikuwa na kalamu moja ya mwanzi na wino wa kuchanganya mwenyewe. Sisi tuna kalamu za shilingi chache dukani, na madaftari, na simu za mkononi. Udhuru wetu ni upi?

USHAHIDI HATA DHIDI YA NAFSI ZETU

Wapo watakaofurahi kusikia habari za barua hizi kwa kudhani kwamba zitatupa sifa tupu. Hatuna budi kuwaambia ukweli. Waraka ni shahidi, na shahidi mwadilifu hampendelei mtu. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Allah (s.w.) ametuamrisha tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu.

Hati za zama hizo zinawataja wanadamu pamoja na mali. Zimo habari za watumwa walionunuliwa, waliouzwa, waliorithiwa, na zimo pia hati za kuwaacha huru. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na maskani hapa Tabora, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha maandishi hayo Berlin mwaka 1902 na 1903. Anayeyasoma anaiona biashara, anauona ujasiri, anayaona madeni kwa matajiri wa Unguja kama Taria Topan. Anaona pia vita na mateka, vikisimuliwa bila haya.

Tunapofika hapo tusijifiche nyuma ya hoja kwamba Wazungu walifanya zaidi. Wanachuoni wetu wanajua hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari, kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sasa wale waliokamatwa vijijini usiku, wakafungwa minyororo na kupitishwa katika njia hizi, nani alithibitisha kwamba hawakuwa watu huru? Dhulma haigeuki kuwa Uislamu kwa sababu aliyeifanya alikuwa na kilemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Haya si ya zamani sana. Wajukuu wa waliobebwa na wajukuu wa waliowabeba wanasimama leo safu moja katika swala, na Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini mwenye kumheshimu ndugu yake wa safuni hawezi kuikana habari ya babu yake.

Na tujue kwamba tusiposema sisi, wengine watasema. Mwaka 1871 huko Nyangwe, Manyema, Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu kwa wino alioutengeneza kwa matunda ya porini. Wino huo ulififia mpaka maandishi yakawa hayasomeki. Timu ya watafiti iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilizipiga picha kurasa hizo kwa mianga mbalimbali, na mwaka 2011 maandishi yakatolewa hadharani. Miongoni mwa yaliyomo ni habari ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 15, 1871, ambapo watu wa misafara waliwaua raia kwa mamia, wengi wao wanawake waliokuja sokoni. Tazameni juhudi waliyoifanya watu hao kwa ajili ya kurasa chache za mtu mmoja! Kama tunataka historia isisimuliwe kwa upande mmoja, haitoshi kulalamika. Tulete hati zetu tuzisome, tena tuzisome zote, za kutupendeza na za kutuumiza.

KWA NINI HATUZISOMI?

Mtu atasema: huo ni mzigo wa wanachuoni wa vyuo vikuu. Tunajibu kwamba vyuo vikuu vina upungufu ambao madrasa inaweza kuuziba.

Kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu si kazi nyepesi. Kiarabu hakina herufi ya p, wala ch, wala v. Irabu zake ni tatu, na Kiswahili kina tano, hivyo e na i huandikwa kwa alama moja, na o na u vivyo hivyo. Waandishi wa zamani waliitumia herufi ba kwa b, kwa p, na pia kwa mb. Kwa hiyo neno “pembe” laweza kuandikwa kwa herufi zile zile za neno “bibi”. Anayejua Kiarabu peke yake atakwama hapo, na anayejua Kiswahili cha herufi za Kirumi peke yake hataanza kabisa. Anayehitajika ni mtu aliyesoma Kiarabu kwa nahau na sarufi yake, ambaye Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao, na ambaye desturi za salamu, za mirathi na za wakfu anazijua kwa kuishi nazo. Mtu huyo anapatikana wapi zaidi ya katika madrasa zetu?

Mtume (s.a.w.) alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili asome barua zao na kuwaandikia. Zaid alijifunza kwa muda wa nusu mwezi, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Ikiwa sahaba alijifunza herufi ngeni kwa maslahi ya umma, je, sisi tushindwe kusoma herufi zetu wenyewe?

MAKOSA MAWILI JUU YA KARATASI KUUKUU

Tunafika sasa kwenye jambo ambalo tunaomba mlisikilize kwa vifua vipana, hasa vijana wa harakati.

Katika nyumba za wazee, ndani ya masanduku, bado zimo karatasi za zamani. Kuhusu karatasi hizo kuna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la wanaozitukuza kwa ujinga. Kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiarabu, mtu hudhani kwamba kila neno lililomo ni dini. Hukata kipande akashonea hirizi, au huosha wino wake akampa mgonjwa anywe. Pengine alichomnywesha mgonjwa ni hesabu ya nguo na shanga! Herufi za Kiarabu ni herufi. Qur'ani imeandikwa kwazo, na madeni ya wafanyabiashara yameandikwa kwazo vilevile. Kutundika tumaini katika karatasi badala ya Allah ni jambo ambalo tumelikemea na tutaendelea kulikemea.

Kosa la pili ni la wanaozichoma kwa pupa. Kijana amesoma kidogo, ameifahamu tauhidi, Alhamdulillahi. Anafungua sanduku la babu, anakuta karatasi yenye miraba na majina ya nyota, anakasirika, na anatia moto sanduku zima. Ndani ya sanduku hilo huenda ulikuwemo wasia, au hati ya kumwacha mtu huru, au hati ya wakfu wa kiwanja cha msikiti ule ule anaoswalia.

Wapo wanaotoa hoja ya Sayyidna Uthman (r.a.), kwamba alichoma misahafu. Hoja hiyo haiwasaidii. Uthman (r.a.) kwanza alikusanya, akaunda kamati ya wajuzi, akaandika nakala sahihi na kuzipeleka mijini, ndipo yakachomwa yaliyobaki ili umma usihitilafiane katika Kitabu cha Mola wao. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi. Anayechoma asichokisoma hana wa kumwiga katika hilo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kuchukua hatua, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Basi soma kwanza. Ukikuta ndani yake upotofu, ubainishe kwa elimu. Upotofu wa jana ukiandikwa na kuelezwa huwa ni funzo, na wanachuoni wetu wa zamani waliyanukuu maneno ya wapinzani wao ili wayajibu.

TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo matano, na yote yamo ndani ya uwezo wa jamaa ya msikiti mmoja.

1. Tuulize kabla wazee hawajaondoka. Kila familia itazame masanduku yake. Karatasi ikionekana, aandikwe aliyekuwa nayo, imetoka kwa nani, na ilipatikana wapi. Karatasi isiyojulikana asili yake imepoteza nusu ya ushahidi wake.

2. Tuitunze ilivyo. Iwekwe pakavu, mbali na mchwa, moshi na jua. Isibandikwe gundi wala utepe wa plastiki, isikunjuliwe kwa nguvu, isiandikwe juu yake. Ishikwe kwa mikono mikavu na safi. Ipigwe picha mbele na nyuma, na picha ziwekwe kwa watu wawili au watatu waaminifu.

3. Isiuzwe kwa mpita njia. Mwenye mali ni familia, na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini wakiona wameshindwa kuitunza, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, na vyuo vikuu vipo. Pengine panatosha kutoa nakala na asili ikabaki nyumbani. Huko Lamu, hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa kuhifadhi nyaraka unaosimamiwa na Maktaba ya Uingereza, na vitabu vyenyewe havikuondoka msikitini.

4. Tufundishe kusoma. Katika madrasa zetu, mwanafunzi aliyehitimu kusoma Qur'ani na kuanza nahau apewe somo moja kwa wiki la kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Halihitaji bajeti. Linahitaji mwalimu, ubao na nakala za barua mbili tatu. Na mabinti zetu wasiachwe nyuma, maana wao ndio mara nyingi wanaotunza masanduku ya nyumba.

5. Tuandike ya kwetu. Kila msikiti uwe na daftari la wakfu, la ndoa na la sadaka. Kila anayekopesha na kukopa aandike na aweke mashahidi. Kila mwenye mali aandike wasia wake usiozidi thuluthi. Kizazi cha miaka mia ijayo nacho kitatutafuta, nacho kitauliza kama tuliishi kwa uadilifu.

Ndugu zetu, hatukusudii kuwafanya watu waabudu ya kale. Dini yetu imekamilika kwa Qur'ani na Sunna, wala haingojei barua ya mfanyabiashara wa pembe iithibitishe. Lakini haki za watu, majina yao, madeni yao, uhuru wao na mali walizozitoa kwa ajili ya Allah ni amana. Aliyeziandika alitekeleza sehemu yake na ameondoka. Waraka umetufikia sisi, na amana haimtoki mtu shingoni mpaka aifikishe kwa mwenyewe.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliotutangulia kwa imani, awasamehe waliokosea, awalipe waliodhulumiwa, na atujaalie sisi kuwa watu wa kusoma kwa ukweli na kuandika kwa uadilifu. Atulindie watoto wetu, atubarikie madrasa zetu, na atukutanishe siku ambayo kila mtu atasomeshwa kitabu chake mwenyewe, hali akiwa radhi nasi. Amin.

Wa sallallahu ala Nabiyyina Muhammad, wa ala alihi wa sahbihi ajmain.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.